Elektrolisisi: umeme unapochanganua chumvi

Kipindupindu kilipoikumba Ifakara mwaka 1997, watafiti waliwalinganisha wagonjwa na wenzao waliokuwa wazima. Mambo matatu yalijirudia upande wa wagonjwa: kuoga mtoni, kukaa mbali na chanzo cha maji, na kula samaki wakavu. Bakteria wa ugonjwa huo walipatikana katika chanzo kikuu cha maji cha mji huo. Mto mkubwa wa eneo hilo ni Kilombero, ambao siku hizi magari huuvuka kwa Daraja la Magufuli lenye urefu wa meta 384, na ambao wavuvi wa bondeni huupita kwa mitumbwi wakienda kambini. Mtumbwi hauna choo. Kinachotupwa majini huku juu humfikia anayechota na kuoga kule chini.

Dawa ya bakteria hao haina ugeni majumbani. Ni klorini, ile iliyomo kwenye jiki ya kufulia na kwenye WaterGuard ya kutibu maji ya kunywa. Kisichojulikana sana ni kwamba dawa hiyo inaweza kutengenezwa papo hapo kwa chumvi ya jikoni, maji na betri. Kitendo hicho huitwa elektrolisisi.

Jina hilo lilitangazwa na Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1834. Pamoja nalo yalikuja maneno anodi, kathodi na ioni, ambayo aliyapata kwa msaada wa msomi William Whewell. Sehemu ya mwisho ya elektrolisisi inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kufungua au kulegeza kilichofungwa.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, maana hiyo haina ugeni wowote. Lugha yetu ina mnyambuliko maalumu wa kutengua kitendo: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Katika familia hiyohiyo wamo changanya na changanua. Kwa hiyo mwandishi wa sayansi ana njia mbili. Anaweza kutohoa, akaandika elektrolisisi, au kutumia mali ya nyumbani, akaandika uchanganuaji kwa umeme.

Mwalimu wa kemia anaweza kupinga njia ya pili kwa hoja nzito. Chumvi, atasema, si mchanganyiko wa sodiamu na klorini. Ni kampaundi, na vitu hivyo viwili darasani havifanani. Hoja hiyo ni kweli kuhusu chumvi, lakini inakibana mno kitenzi. Kila mwanafunzi wa sekondari Tanzania amewahi kuchanganua sentensi, akitenga kirai nomino na kirai kitenzi. Maneno ya sentensi hayakurundikwa tu pamoja. Yamefungwa na sarufi. Kuchanganua, basi, kumeshazoea kazi ya kuvifungua vitu vilivyoshikamana.

Pingamizi jingine ni kwamba uchanganuzi tayari linatumika kwa data na sentensi. Hapo kiambishi kinasaidia. Kama tunavyotofautisha uandishi na uandikaji, uchanganuzi libaki kwa kazi ya fikra, na uchanganuaji litaje tendo linaloendelea ndani ya chombo.

Tendo lenyewe huanza pale sahani mbili za metali zinapotumbukizwa katika maji ya chumvi na kuunganishwa na umeme wa betri. Kwenye sahani chanya, yaani anodi, ioni za kloridi hupoteza elektroni na kuwa klorini. Kwenye sahani hasi, yaani kathodi, maji hutoa gesi ya haidrojeni na kuacha haidroksidi. Klorini na haidroksidi zikikutana, hutokea haipokloriti ya sodiamu, ndiyo jiki. Ikishashambulia bakteria, sehemu yake kubwa hurudi kuwa kloridi, kama ilivyokuwa ndani ya chumvi.

Mabaharia wameitia kemia hii chooni. Mtambo wa Electro Scan wa kampuni ya Raritan ya Marekani husaga kinyesi pamoja na maji ya bahari, kisha hupitisha umeme katika rojo hiyo kwa dakika chache kabla ya kuimwaga. Hakuna dawa ya kununua, kwa kuwa kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kwa meli kubwa, na kwa zinazoruhusiwa kubeba watu zaidi ya 15, Kiambatisho cha Nne cha mkataba wa MARPOL, kilichoanza kutumika mwaka 2003, kinaruhusu majitaka yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu yamwagwe zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu. Yasiyotibiwa yanapaswa kusubiri hadi zaidi ya maili 12.

Kilombero ni maji baridi, na hapo umeme peke yake hauwezi kitu. Chumvi lazima iongezwe, kama mtambo huohuo unavyofanya kwa tangi la pembeni unapotumika ziwani. Kifaa cha WATA, kilichobuniwa na taasisi ya Antenna ya Geneva, hutumia gramu 25 za chumvi kwa lita moja ya maji na hutoa klorini ya kutibu maji ya kunywa na kusafishia zahanati.

Kuna mpaka ambao istilahi nzuri isiufiche. Mtambo wa aina hii huua vijidudu. Hauondoi naitrojeni wala fosforasi. Bonde la Kilombero, lililoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, lingeendelea kupokea mbolea hiyo yote. Kwa hiyo ingizo la kamusi lingeweza kusomeka hivi:

Uchanganuaji kwa umeme (pia elektrolisisi): tendo la kupitisha umeme katika kimiminika chenye ioni ili kuzifungua kampaundi zake, k.m. kutengeneza klorini kutokana na maji ya chumvi ili kuua vijidudu katika majitaka ya chomboni.