Portach: neno la Kiayalandi lililotoka kinamasini

Kwa karne nyingi, familia za mashambani nchini Ayalandi zilipikia na kuotea moto wa udongo. Udongo huo mweusi, ambao ni mabaki ya mimea iliyolala majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa, hukatwa mapande kwa sepeto nyembamba, huanikwa na kisha huchomwa kama kuni. Kwa Kiayalandi, udongo wenyewe huitwa móin, na kinamasi unakochimbwa huitwa portach.

Asili ya neno portach ni port, lenye maana ya ukingo, pamoja na kiambishi -ach. Port nalo lilitoka katika Kilatini, portus, yaani bandari. Hivyo neno lililoanzia pwani likaishia bara, kwenye kingo nyeusi za wachimbaji.

Sarufi yake ina mengi ya kumvutia mzungumzaji wa Kiswahili. Kiswahili hupanga majina katika ngeli, nacho Kiayalandi huyagawa katika jinsia mbili. Portach ni la kiume, móin ni la kike. Kwa hiyo husemwa an portach bila mabadiliko, lakini móin likitanguliwa na an huwa an mhóin, na sauti ya m hulegea ikawa w au v. Katika umilikishi, mwisho wa neno nao hubadilika: "cha kinamasi" ni an phortaigh, na "cha vinamasi" ni na bportach.

Jina jingine la kinamasi, bogach, limetokana na bog, yaani laini. Waingereza walilichukua neno hilo, na hadi leo kinamasi cha aina hiyo hukiita bog.

Mwaka 1946 serikali iliunda shirika la Bord na Móna, na hapo umilikishi wa móin ukaingia katika jina la taasisi ya taifa. Lakini kinamasi kikikaushwa hutoa hewa ya kaboni inayochangia ongezeko la joto duniani. Januari 2021 shirika hilo lilitangaza kuwa limeacha kabisa uchimbaji, na sasa linavirudishia maji vinamasi vyake.

Hatua hiyo inaigusa lugha pia. Katika sensa ya mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.9 walisema wanakifahamu Kiayalandi, lakini takriban 72,000 tu walikitumia kila siku nje ya masomo. Maneno ya kazi huishi midomoni mwa wanaoifanya, na wachimbaji wanazidi kupungua. Móin, jina la kilichochukuliwa, huenda likafifia pamoja na moto wake. Portach, jina la mahali penyewe, lina nafasi ya kudumu iwapo kinamasi nacho kitaachwa kiishi.