Msomi Mwanamke na Usomaji wa Vitu vya Kale: Margaret Trowell na Makumbusho ya Uganda, Kamwokya

Mnamo Mei 1896, Agnes Lewis na pacha wake Margaret Gibson walirejea Cambridge na hati chakavu walizozinunua safarini Mashariki ya Kati. Ukurasa mmoja wa Kiebrania waliomwonyesha Solomon Schechter ulibainika kuwa sehemu ya Hekima ya Yoshua bin Sira, kitabu kilichokuwa kimejulikana kwa karne nyingi kupitia tafsiri tu. Ugunduzi huo ulichangia kumpeleka Schechter Kairo, katika ghala la sinagogi la Ben Ezra, alikotoa vipande vya hati zaidi ya laki moja. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Cambridge hakikuwapa wanawake shahada kamili hadi 1948. Jicho la kwanza lililoithamini karatasi ile halikuwa na cheo chuoni.

Makala haya yanadai kuwa historia ya taaluma ya vitu vya kale nchini Uganda ina sura inayofanana na hiyo, ingawa kilichosomwa Kampala hakikuwa ngozi wala karatasi, bali ngoma, vibuyu, mikeka na nguo za magome ya miti.

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Old Kampala. Wenyeji waliyaita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya hirizi zenye nguvu. Jina hilo lilikuwa usomaji tayari: wenyeji walijua kila kitu kilitumika wapi na kwa nini kiliogopwa. Kilipowekwa rafuni, kilitengwa na watu walioweza kukieleza.

Margaret Trowell, msanii aliyesomea London, alifika Kenya mwaka 1929 na kuishi miongoni mwa Wakamba, kisha akahamia Uganda mwaka 1935. Mwaka 1937 alianzisha mafunzo ya sanaa yaliyozaa skuli ya sanaa ya Makerere. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, huku akiendelea kufundisha, aliyatunza makumbusho, ambayo wakati huo yalihamishiwa Makerere. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, walitoa kitabu Tribal Crafts of Uganda. Wachsmann alishughulikia ala za muziki. Trowell alishughulikia vifaa vya nyumbani na vya mila. Mwaka uliofuata makumbusho yalifunguliwa katika jengo lililosanifiwa na Ernst May, kando ya barabara ya Kira, Kamwokya, yalipo hadi leo.

Mchango wa Trowell ni kwamba alikiuliza kifaa kimetengenezwaje: kimesukwa, kimefinyangwa au kimechongwa kwa njia gani. Kwa swali hilo, kitu kilichoonekana kuwa kioja cha kishenzi kiligeuka kuwa ushahidi wa ujuzi na fikra. Lakini mpangilio wa kitabu unafuata aina za vifaa na makabila, si mafundi. Hapa ndipo ulinganisho na hati za Kiebrania unapotufaa. Mnakili wa hati aliweza kuandika jina lake na mwaka mwishoni mwa kazi. Fundi wa nguo ya magome hakuacha saini. Asipoulizwa na mhifadhi, jina lake hupotea moja kwa moja.

Upungufu huo bado unaweza kurekebishwa. Ufundi wa nguo za magome, ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005, ungali hai Buganda, na ukoo wa Ngonge ndio warithi wake. Wasomaji wa vitu hivi, basi, wapo. Aidha, mwaka 2011 ulipotangazwa mpango wa kujenga jumba la biashara la ghorofa 60 kwenye kiwanja cha makumbusho, watetezi wa urithi walikwenda mahakamani kuupinga. Utetezi wa namna hiyo unahitaji umma unaofahamu kilichomo ndani.

Kwa hiyo makala yanapendekeza kwamba mikusanyo ya Kamwokya ielezwe upya pamoja na mafundi na wazee, kwa lugha zao na kwa Kiswahili, majina yao yakiandikwa kando ya kila kifaa wanachokieleza. Kazi hiyo ingekamilisha swali la Trowell kwa kuliongezea swali la pili: ni nani aliyekitengeneza?