Drafti ya NBA: Kipaji kwanza au pengo la timu?

Kila mwaka Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Marekani, NBA, inapofanya drafti, yaani utaratibu wa klabu kuchagua chipukizi kwa zamu, viongozi wa timu hukabiliwa na swali lile lile: wamchukue mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliobaki, au yule anayeziba pengo lililopo kikosini? Uamuzi huo ni mzito, kwani zamu za mwanzo ni adimu, na timu iliyokosea huweza kungoja miaka mingi kabla ya kuipata nyingine.

Mfano unaotajwa zaidi ni drafti ya Juni 19, 1984, jijini New York. Portland Trail Blazers walikuwa na zamu ya pili, waliyoipata kutoka Indiana katika mabadilishano ya mwaka 1981. Wenyewe hawakuwa dhaifu. Msimu huo walishinda michezo 48 kati ya 82. Nafasi ya mlinzi mfungaji ilikuwa na wenyewe: Jim Paxson, pamoja na kijana Clyde Drexler waliyemchagua mwaka 1983. Kilichopungua kilikuwa senta, yule mrefu anayelinda kikapu. Isitoshe, ubingwa pekee wa klabu hiyo, wa mwaka 1977, ulipatikana wakiwa na senta mahiri, Bill Walton.

Wakamchukua Sam Bowie wa Chuo Kikuu cha Kentucky, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 1, ingawa jeraha la mguu lilikuwa limemkosesha misimu miwili ya chuo. Chicago Bulls, waliofuata, wakamchukua Michael Jordan. Bowie aliandamwa na majeraha, akaichezea Portland michezo 139 tu katika misimu mitano. Mwaka 1992 Portland walipofika fainali, walifungwa na Chicago ya Jordan.

Wengi huwacheka Portland kwa kupenda senta, na hapo huwaonea. Enzi hizo senta ndiye aliyeaminiwa kuleta ubingwa, na Houston Rockets, waliochagua wa kwanza siku hiyo, nao walichukua senta. Tofauti ni kwamba Houston hawakuwa na pengo hilo. Tayari walikuwa na Ralph Sampson wa futi 7 na inchi 4, mchezaji bora chipukizi wa msimu huo. Walimchukua Mnigeria Hakeem Olajuwon kwa kuwa walimwona bora kuliko wengine. Wawili hao waliifikisha timu fainali mwaka 1986, na Olajuwon akaipatia ubingwa mwaka 1994 na 1995.

Pengo la leo si lazima liwe pengo la kesho. Chipukizi huhitaji misimu miwili au mitatu kukomaa, na katika muda huo kikosi hubadilika. Hata hivyo, mahitaji hayapuuzwi kabisa: vipaji viwili vinapolingana, ni busara kutazama nani atapata muda wa kucheza.

Suala la muda wa kucheza linaihusu Tanzania. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies, kwa zamu ya pili, walimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye futi 7 na inchi 3, ambaye alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Memphis walikuwa na walinzi vijana, Mike Conley na O.J. Mayo; mlinzi mwingine hakuonekana kuhitajika. Lakini walikuwa pia na senta kijana, Marc Gasol, hivyo Thabeet alikaa benchi sana. Februari 2010 alipelekwa ligi ya chini kupata mazoezi ya mechi, na mwaka mmoja baadaye akahamishiwa Houston. Mchezaji mrefu hukomaa taratibu, na zamu ya pili ilimtwisha matarajio ambayo hakuyaomba.

Katika drafti hiyo hiyo, Golden State Warriors walikuwa na zamu ya saba. Mfungaji wao tegemeo, Monta Ellis, alikuwa mlinzi asiye mrefu. Wakamchukua mlinzi mwingine wa aina hiyo, Stephen Curry. Machi 2012 walimpeleka Ellis Milwaukee katika mabadilishano yaliyowaletea Andrew Bogut, senta waliyemhitaji. Mwaka 2015 Curry na Bogut walitwaa ubingwa pamoja.