Nyota Iliyolipuka Juu ya Upeo wa Ziwa

Simama hapa Matema, kando ya ziwa, Milima ya Livingstone ikiwa kushoto kwako, utazame kusini. Usiku wa Januari na Februari, mawingu yakifunguka, juu ya ziwa huonekana doa jeupe: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Humo, Februari 1987, ilionekana supanova (nyota inayolipuka) iliyong'aa angani kuliko zote tangu 1604. Macho matupu yalitosha kuiona.

Zipo pia supanova adimu zenye mwanga mara 10 au zaidi kuliko zile za kawaida. Huenda nyingi huchochewa na kiini kilichobaki baada ya mlipuko: nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali, inayozunguka mamia ya mara kwa sekunde na kuyapasha moto mabaki. Nyingine hung'aa mabaki yanapogonga gesi ambayo nyota iliitema kabla ya kulipuka.