Tita, Mganda na Kundi: Historia ya Istilahi Tatu za Topolojia

Mtu wa Mpanda akitumwa kuleta tita, ataleta kuni. Akitumwa mganda, ataleta mpunga. Tofauti hiyo yafaa ikumbukwe na mfasiri wa topolojia, kwani taaluma hiyo ina vitu viwili vilivyopewa majina ya vitu vilivyofungwa pamoja. Akiandika "fungu" kwa vyote viwili, msomaji hatajua lipi ni lipi.

Cha kwanza kilianza na Mjerumani Herbert Seifert, aliyechunguza mwaka 1933 anga zilizoundwa kwa nyuzi. Kitabu cha Mmarekani Norman Steenrod cha 1951 kikakiimarisha. Cha pili ni cha Jean Leray, Mfaransa aliyekuwa mfungwa wa vita huko Austria tangu 1940 hadi 1945. Alipokitangaza mwaka 1946 alitumia neno la Kifaransa la vitu vilivyofungwa pamoja. Wajerumani na Waingereza, katika kulitafsiri, wakachagua mganda wa nafaka. Hata wao, basi, walikwenda shambani kutafuta istilahi. Napendekeza tita kwa cha kwanza, mganda kwa cha pili.

Neno kundi lina taabu zaidi. Katika Hifadhi ya Katavi kundi la nyati ni wingi wa nyati tu, na kihisabati hiyo ni seti. Kundi la mwanahisabati lina kanuni: wawili wakiungana hutoa wa tatu aliye humo humo, na kila mmoja ana kinyume chake. Kundi hutenda juu ya anga kwa kuzisogeza nukta zake, kama tuugeuzapo mkeka wa mraba robo kwa robo. Nukta ya kati haisogei, na tukizihesabu nukta zinazopokezana mahali kuwa moja, habari za utulivu wake hupotea. Katika miaka ya 1950 Armand Borel, Mswisi, aliizidisha kwanza anga hiyo kwa nyingine isiyo na tundu, ambamo kila nukta husogezwa, ndipo akagawanya. Likatokea tita: kila uzi wake ni anga ya awali, na kitako chake ni anga ainishi ya kundi, ambayo John Milnor alionyesha mwaka 1956 jinsi ya kuiunda kwa kila kundi la kitopolojia. Mfasiri aliyekwisha kulitumia "kundi" kwa seti hana tena neno la kusimulia habari hii.

Kuhusu kitako, wako watakaopendelea "msingi". Walimu wa hisabati wa Mpanda na kwingineko wanaombwa watoe maoni yao.