Tundu la Protini na Mihogo ya Mpanda

Reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya risasi iliyochimbwa Uruwira. Machimbo yalififia, reli ikabaki, na nchi ile, ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Katavi, ikawa nchi ya wakulima: wenyeji, wahamiaji, na watu wa Burundi waliokaribishwa Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970. Muhogo ni miongoni mwa vyakula vyao. Mkulima hukata pingili za shamba la zamani au za jirani, akazipanda. Na pingili ikiwa na virusi, ugonjwa ameupanda kwa mkono wake mwenyewe.

Magonjwa hayo si mageni. Batobato iliandikwa habari zake na Warburg mwaka 1894, na michirizi kahawia ikaelezwa na Storey wa Amani mwaka 1936. Lakini jicho hudanganyika: shina laweza kupendeza, na mzizi ukawa umeoza ndani. Kupima kwa hakika kulitaka maabara, na kutoka Mpanda hadi Mikocheni, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000. Majibu yaliweza kuchukua hata miezi sita, na msimu haumngojei mtu.

Dawa ya kukawia huko ilitoka mahali pasipotazamiwa, yaani katika bakteria. Mwaka 1996 Kasianowicz na wenzake walionyesha kwamba uzi wa vinasaba waweza kupita katika tundu la protini iliyotegwa kwenye utando, na kila upitapo mkondo wa umeme hupungua. Tundu lile la kwanza lilikuwa refu mno. Herufi nyingi zilisomwa kwa pamoja, mithili ya watu wengi wasemao kwa wakati mmoja. Protini nyingine, MspA, ilikuwa na koo fupi, ila koo hilo lilikuwa na chaji hasi, nayo DNA ina chaji hasi pia, basi vikasukumana. Mwaka 2008 wataalamu wa Seattle walibadilisha viungo vichache tu vya protini hiyo, na uzi ukapita. Tatizo la mwendo, maana uzi ulikimbia kupita kiasi, lilitatuliwa kwa kimeng'enya kinachoushika na kuuachilia hatua kwa hatua. Kampuni ya Oxford Nanopore ikatumia CsgG, protini ya bakteria wa tumboni, nayo ikiwa imefanyiwa marekebisho, katika chombo kinachoenea kiganjani.

Mwaka 2018 Joseph Ndunguru wa Tanzania, Titus Alicai wa Uganda, Elijah Ateka wa Kenya na Laura Boykin walikipeleka chombo hicho mashambani, kikaendeshwa kwa betri. Kutoka jani hadi jina la virusi haikuzidi saa nne. Kwa batobato kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa virusi vyake ni vya DNA. Vya michirizi kahawia ni vya RNA, navyo huhitaji hatua ya ziada.

Hata hivyo protini ni protini. Utando wenye matundu hayo hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 mpaka siku ya kutumika, na kutoka bandarini hadi Mishamo jua ni kali na safari ni ndefu.