Askofu wa Köln na Kipupwe cha Njaa

Sisi tukaao karibu na mstari wa Ikweta twaijua baridi ya mwezi wa Julai, na watu wa Limuru na Nyandarua waijua pia sakitu iunguzayo majani ya viazi alfajiri. Walakini jua likipanda, baridi hiyo hutoweka. Kipupwe cha Ulaya ni jambo jingine kabisa. Huko maji huganda katika mabomba, mchana huwa mfupi, na mtu asiye na moto nyumbani aweza kufa kitandani mwake. Katika kipupwe cha namna hiyo, jioni ya tarehe 31 Desemba 1946, askofu mmoja wa Ujerumani alisimama kanisani akatamka maneno machache ambayo yangali yakijadiliwa hata leo.

Ili tuyafahamu maneno hayo, yatupasa kwanza kuujua mji wenyewe. Köln ni mji wa kale ulio kando ya mto Rhine. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ulikuwa na watu zaidi ya 700,000. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1942, ndege zaidi ya 1,000 za Waingereza zilitumwa kuushambulia kwa mabomu, na mashambulio mengine mengi yakafuata. Majeshi ya Marekani yalipoingia mwezi wa Machi 1945, sehemu kubwa ya mji ilikuwa magofu, na upande wa magharibi wa mto walibaki watu wapatao 40,000 tu. Kanisa Kuu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1248 na kumalizika mwaka 1880, lilikuwa limepigwa mabomu mara nyingi. Minara yake miwili ilisalia imesimama, lakini ibada hazikuweza kufanyika humo kama zamani, mpaka lilipofunguliwa tena kwa sehemu mwaka 1948.

Haifai tusahau ni nani aliyeianza vita hiyo. Serikali ya Hitler ndiyo iliyovamia nchi za jirani, ikanyang'anya chakula chao, na kuwaua Wayahudi wapatao milioni sita. Njaa iliyowafikia Wajerumani baadaye ilikuwa imekwisha kuwatesa wengine kwa mikono ya Wajerumani wenyewe. Hata hivyo, mtoto mchanga na bibi kizee hawakupanga vita, na baridi haichagui mwenye hatia.

Vita ilipokwisha, watu walirudi Köln kwa maelfu, wakaishi katika vyumba vya chini ya ardhi na katika nyumba zisizo na madirisha. Mji ulikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Chakula kilitolewa kwa kadi za mgawo, lakini mara nyingi mtu alifika dukani na kadi yake mkononi akakuta hakuna kitu. Kisha kikaja kipupwe cha mwaka 1946 na 1947, mojawapo ya vipupwe vikali kuliko vyote vya karne hiyo. Sehemu za mto Rhine ziliganda, na mashua za mizigo zikakwama. Reli zilikuwa zimeharibiwa na vita, na injini zilikuwa chache.

Jambo la kuumiza moyo ni hili: makaa ya mawe yalichimbwa karibu sana na mji. Magari ya moshi yaliyosheheni makaa yalipita mbele ya macho ya watu waliokuwa wakitetemeka, na mengine yakielekea nchi za nje. Haikuchukua muda, watu wakaanza kuyaparamia magari hayo yaliposimama, wakaangusha makaa na kuyabeba kwa magunia. Wengi wao walikuwa akina mama na watoto. Wahenga wetu walisema, mwenye njaa hana miiko. Lakini watu hao walikuwa waamini waliofundishwa Amri Kumi tangu utoto. Walipata moto, wakapoteza amani ya moyo. Je, wamekuwa wezi?

Askofu Mkuu wao, Josef Frings, alizaliwa Neuss mwaka 1887, akawa padre wa parokia mjini Köln kwa miaka mingi. Mwaka 1942 alifanywa Askofu Mkuu, na mwezi wa Februari 1946 Papa Pius wa Kumi na Mbili akampa cheo cha Kadinali. Ni desturi ya parokia za huko kukusanyika jioni ya mwisho wa mwaka, kumshukuru Mungu kwa siku zilizopita na kumwomba tumaini kwa zile zijazo. Jioni ile Kadinali alihubiri katika kanisa la Mtakatifu Engelbert, mtaa wa Riehl. Alipofika kwenye amri isemayo usiibe, ambayo Wakatoliki huihesabu ya saba na wengine ya nane, hakuipita juu juu. Alisema kwamba katika dhiki kama ile, mtu ataweza kuchukua kile kinachohitajika ili kuhifadhi uhai na afya yake, ikiwa hawezi kukipata kwa njia nyingine, yaani kwa kazi yake au kwa kuomba.

Hakuishia hapo. Aliongeza kwamba wengi walikuwa wameuvuka mpaka huo, na kwamba aliyechukua isivyo haki yampasa arudishe mara moja, la sivyo asitazamie msamaha wa Mungu. Sehemu hii ya pili watu wengi hawakuikumbuka. Ile ya kwanza ilienea upesi, hata Wajerumani wakaunda kitenzi kipya, fringsen, maana yake kujitwalia kitu kidogo kwa sababu ya dhiki.

Watawala Waingereza hawakupendezwa. Ikambidi Kadinali aeleze kwamba hakuhalalisha wizi. Na kwa kweli fundisho lake halikuwa jipya. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13, alikuwa ameandika kwamba katika shida kuu vitu vyote ni vya watu wote, na anayechukua ili asife hahesabiwi kuwa mwizi.

Hata hivyo, tusidhani wapinzani wake walikuwa watu wasio na huruma. Wao waliuliza: mtu mwenye nguvu akiruka juu ya gari na kujaza gunia lake, kikongwe asiyeweza kuruka atapata nini? Makaa yakiisha njiani, hospitali itawashwa kwa nini? Sheria ya mgawo, ingawa ilikuwa dhaifu, ilikusudiwa kumlinda aliye mnyonge. Mimi naona kwamba Kadinali alisema kweli, na wapinzani wake nao waliona hatari ya kweli. Ndiyo maana alitia mipaka: uhai na afya, wala si faida, na hapo tu kazi na maombi vinaposhindwa.

Baada ya dhiki faraja. Kipupwe kilipita, fedha mpya ilitolewa mwezi wa Juni 1948, na Ujerumani Magharibi ikapata kushiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini Frings hakusahau. Mwaka 1958 aliwashauri maaskofu wenzake waanzishe mchango wa Kwaresima wa kupigana na njaa na magonjwa duniani. Mchango huo ukaitwa Misereor, neno la Kilatini lenye maana ya "nawahurumia", lililotoka katika habari ya Yesu na umati wenye njaa. Hata leo unasaidia Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na Kenya imo, bila kuuliza mhitaji ni wa dini gani.

Frings alifariki mwaka 1978. Watu wa Köln waliokuja kanisani jioni ile waliomba tumaini, naye hakuwapa maneno matamu peke yake. Aliwaambia wanaloruhusiwa, akawaambia na lile wanalokatazwa, kisha wakarudi nyumbani gizani wakiwa na dhamiri zilizotulia kidogo. Nawe, msomaji, ungalikuwa kando ya reli usiku ule na mdogo wako mgonjwa nyumbani, ungalichukua makaa kiasi gani?